Ndege Kwenye Foleni ya Malaba

Geti la yadi ya malori pale Malaba lilikuwa limefungwa, na Alaso alikuwa amekumbatia mafaili kwa mikono yote miwili. Kando ya geti alisimama kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, mistari ya dhahabu mabegani.

"Soja, nifungulie," Alaso akasema bila kumtazama vizuri.

Kijana akasita, kisha akavuta komeo. Malori yakapiga honi. Harufu ya dizeli na chapati za moto ikapita kati yao.

"Asante. Siku hizi masoja wa kulinda geti wanavaa saa kubwa hivyo?"

"Mimi huendesha ndege, dada. Lakini geti pia naweza."

Alaso akageuka. Alivaa sketi ya kijani iliyomkaa sawasawa na viatu vya chini, viatu vya mtu anayetembea kutwa. "Ndege ya wapi? Malaba hakuna uwanja."

"Ya Kisumu. Nimemletea dada yangu dawa, sikupata hata nafasi ya kubadilisha nguo. Naitwa Robinson Mulama, wa Bumala."

"Benedetta Alaso, wa Angurai. Nashughulikia karatasi za mizigo inayovuka. Na tafadhali usimwambie mtu nilikuita soja."

"Niite tu. Bora uite."

Alimwita. Alimwita jioni hiyo kwa simu, na jioni iliyofuata, na kwa miezi saba Mulama akawa anakuja Malaba kila siku ya mapumziko. Alikuwa rubani msaidizi wa Nyange Air, kampuni ndogo yenye ndege tano za pangaboi, nyeupe, zenye mkanda wa buluu. Alimsimulia jinsi ziwa linavyoonekana alfajiri kutoka juu, kama sahani ya bati iliyosahauliwa nje. Alaso alikuwa hajawahi kupanda ndege. Alisikiliza amefumba macho, simu sikioni, na alipoyafumbua malori mia mbili bado yalikuwa dirishani.

Kisha Nyange ikaungana na Upeo Airways, kampuni kubwa ya Nairobi yenye jeti. Kuungana ni neno la magazetini. Wahudumu wa ndani ya ndege waliambiwa wavue skafu zao za buluu wakapewa nyekundu, na wengine hawakupewa yoyote. Marubani wa pande mbili waliwekwa kwenye orodha moja, na wa Nyange wakajikuta chini. Mulama alikuwa wa themanini na nane kati ya mia moja na kumi na wawili. Kila mmoja alipewa fomu achague kituo na aina ya ndege. Ukishachagua, hubadilishi kwa miaka miwili.

"Kwa hiyo utachagua nini, kipenzi?" Alaso aliuliza kwenye simu.

"Wewe ungependa nini?"

Alaso akaitazama meza. Mezani mwake kulikuwa na faili lililofika wiki hiyo: injini, mapanga na vipuri vya ndege tano za Nyange, na mwili wa ndege moja, vyote vimeuzwa Uganda. Juu yake Mzee Emukule, mwenye ofisi, alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: SIRI. Mzee huyo aliwahi kumfukuza karani kwa kutaja mzigo wa mteja mbele ya muuza nyanya. Kazini kwao mzigo wa mteja hautajwi, hata kwa mama yako mzazi.

"Chagua jeti, Robi. Nenda Nairobi."

"Nairobi ni mbali na Malaba."

"Kuna mabasi. Chagua jeti."

"Kwani umenichoka?"

"Nani amesema hivyo? Nakuomba tu. Chagua jeti."

Mulama akakata simu. Usiku huo hakulala. Asubuhi akaandika Kisumu, pangaboi, kwa herufi kubwa. Alitaka kumwonyesha mwanamke huyo kwamba hafukuziki kirahisi. Hakumwambia. Watu wawili wenye akili timamu waliamua kupendana kwa kunyamaza, na matokeo yake unayajua.

Wiki tatu baadaye Upeo ikatangaza kwamba pangaboi zote zimeuzwa. Walioomba kuzirusha wangoje nyumbani, bila mshahara, hadi nafasi ipatikane. Siku hiyo hiyo mtu akatuma picha ya karatasi za mauzo kwenye WhatsApp ya marubani. Chini kulikuwa na muhuri wa Malaba, tarehe, na sahihi ambayo Mulama angeitambua hata gizani.

Akapiga. "Ulijua."

"Nilijua."

"Siku nne kabla sijajaza fomu. Ukaniacha nijichimbie shimo."

"Nilikuambia uchague jeti. Mara tatu, Robi."

"Hukuniambia kwa nini."

"Ningekuambia kwa nini, leo tungekuwa wawili bila kazi. Ningekula nini?"

Lilikuwa jibu la kweli, ndiyo maana likauma. Hakupiga tena. Wiki sita zikapita. Mulama akarudi Bumala kupalilia mihogo ya mama yake. Ndege ya watu wengine ikipita juu, aliinama zaidi.

Jumanne moja simu ikalia shambani.

"Sikupigii kama mpenzi," Alaso akasema. "Nakuita kama fundi. Ndege yenu iko kwenye foleni hapa siku ya tatu. Afisa wa forodha anataka namba iliyo kwenye kibati cha ndani, na mlango umekataa kufunguka. Wamejaribu hata nyundo."

"Wasiiguse na nyundo."

"Basi njoo."

Alikuja na gambuti zake za shamba, udongo magotini. Ukungu wa asubuhi ulikuwa haujaisha. Kati ya lori la simiti na lori la mafuta, ndege ililala juu ya trela bila mbawa, kama samaki aliyeota kwamba ni ndege mpaka akaamini. Mulama akapanda, akaweka kiganja karibu na kitasa. Akausukuma mlango ndani kwanza, kisha akavuta. Ukafunguka bila sauti.

"Kumbe ni kusukuma kwanza," Alaso akasema.

"Watu wengi huvuta tu."

Alaso akaingia nyuma yake, akanakili namba, lakini hakushuka. Kwenye viti vyote arobaini zilikuwa zimefungwa skafu za buluu. Wahudumu waliaga hivyo. Akapita katikati akizigusa moja moja, hadi kule mbele, akaketi kiti cha kapteni. Mulama akaketi chake cha kulia. Kioo kilikuwa cheupe kwa ukungu. Hapakuwa na Malaba wala lori.

"Hivi ndivyo huwa kule juu?"

"Hivi hivi. Mpaka utoke juu ya mawingu."

Alaso akaushika usukani kwa mikono miwili.

"Niliandika Kisumu kwa sababu yako," Mulama akasema. "Nilitaka iwe zawadi."

"Mjinga wewe." Sauti yake ilikuwa laini. "Nami nilitaka upae."

"Makapteni wa Upeo wamekimbilia Uarabuni. Orodha imesogea, hata sisi wa pangaboi tumeitwa. Jumatatu naanza mafunzo ya jeti, Nairobi. Ningekuja kukuambia, nilikosa tu mahali pa kuanzia."

Alaso akatazama kioo. Ndilo jambo alilomwombea. "Sihami Malaba, Robi. Nina kazi yangu."

"Nani amekuambia uhame? Kuna mabasi. Si ni wewe ulisema?" Akafungua skafu moja, akaizungusha kwenye kifundo cha mkono wa Alaso, fundo moja. "Jumamosi naleta wazee wangu Angurai. Ukikataa sema sasa, mama anahesabu mbuzi."

"Sharti moja. Tukinyamaziana tena, nakurudishia skafu yako."

"Hata mizigo ya wateja utaniambia?"

"Hiyo sikuambii. Lakini nitakuambia kwamba kuna jambo siwezi kukuambia."

"Hiyo inatosha."

Trela likatikisika. Foleni ilikuwa imesogea, nao wakasogea nayo, polepole kama mtu anayetembea usingizini, mpaka ukungu ukapasuka na kizuizi cha mwisho kabla ya forodha kikaonekana, kimefungwa, bila mlinzi.

"Dereva atanipeleka Uganda bila karatasi," Alaso akasema, lakini hakuinuka. Akafungua kidirisha cha pembeni.

Mulama alikuwa ameshashuka, gambuti zikipiga lami, akikimbia mbele ya lori.

"Soja," Alaso akamwita kutoka kiti cha kapteni, skafu ya buluu ikipepea mkononi. "Nifungulie geti."

Akalifungua.