Alama ya Kidole Gumba

Kila asubuhi binti alimbonyeza mama yake mguu kwa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo, aone kama maji yamepungua. Asubuhi hiyo alikuta shimo limeshabonyezwa. Lilikuwa pana kuliko gumba lake, na nyumba nzima walikuwa wawili tu, baba alishazikwa.

Hakushtuka. Tangu msiba alikuwa amekufa ganzi mwili mzima, hata chai aliinywa bila kujua ina sukari au haina.

Jana yake, kule zahanati, mama alibadilishiwa dawa. "Vidonge vyote viwili vinatoa maji na kushusha presha," daktari aliwaambia. "Ila hiki cheupe nguvu yake inaisha jioni. Cha njano kinakaa mwilini mpaka kesho yake. Na presha hii, mama, tukiiachia itakuua."

Sasa mama kameza cha njano, na chumba kikaanza kunuka tope la kisima kilichofunikwa, mchana kweupe, na tumboni mwake maji yakawa yanasikika, chubwi, chubwi, kama mtu anayeoga taratibu asitake kusikika, mpaka mlio ukapanda kifuani, ukafika kooni, na mdomo wa mama ukafunguka wenyewe ilhali mwenyewe amelala fofofo.

"Kile cheupe nilikivumilia," sauti ikanong'ona, na haikuwa ya mama. "Jioni kikiisha nguvu, nilikuwa narudi kulala. Hiki hakinipi nafasi. Mrudishie cheupe."

"Atakufa," binti akanong'ona.

"Basi nitahama."

"Hama."

Wala hakuuliza wapi. Jamani, mtu mwingine si angeuliza!

Wiki iliyofuata miguu ya mama ilikuwa mikavu, presha imeshuka, utani umemrudia. "Vaa viatu twende sokoni, mwanangu, au unangoja kubebwa?"

Viatu viligoma kuingia. Binti akakaa kitandani, akajibonyeza mguu. Shimo likabaki. Kando yake, polepole, likajibonyeza la pili, pana zaidi.

Akafungua kichupa cha mama, akaweka kidonge cha njano ulimini.

"Meza tu," tumbo lake likasema kwa upole. "Njia ya kurudi kwa mama naijua."

"Unakuja au huji?" mama aliita kutoka mlangoni, akicheka.

Binti alitaka kulia, machozi hayakuja. Akakitema kidonge, akakifuta, akakirudisha kichupani.

"Nakuja, mama," akasema, akainama uvunguni kutafuta kandambili za marehemu baba.