Mkasi wa Babu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Eun-sol alimsaidia babu yake kupanga peremende za mchele kwenye mkokoteni. Kisha babu aliusukuma mpaka sokoni, akichezesha mkasi wake mkubwa wa chuma ili kuwaita wateja: cha-cha, chaka-cha! Wazee wa mji wa Andong waliujua sana mlio ule.

Mdundo huohuo ndio Eun-sol aliouweka kwenye wimbo wa kundi lake la pop. Yeye, Da-on na Hyeon-ju walikuwa wakijiandaa kwa mashindano ya shule, na washindi wangepelekwa Seoul kurekodi wimbo wao. Wenzake walipomuuliza mdundo ule kautoa wapi, alijibu, "Kichwani mwangu tu." Aliona haya, jamani! Nani ajisifu kwa mkokoteni wa peremende?

Siku ya mashindano, babu alikuwa langoni mwa ukumbi kabla yao.

"Wajukuu zangu!" aliita. "Njooni mle kitu cha kunata, ushindi usiwaponyoke!"

Da-on alicheka. "Eun-sol, unamjua mzee huyu?"

"Simjui," Eun-sol alisema haraka. "Wauzaji hawa humwita kila mtoto mjukuu."

Babu alisikia. Mkasi ulinyamaza mkononi mwake.

Waliimba vizuri mpaka ukumbi ukasimama. Lakini jaji mkuu, Bi Tak, hakupiga makofi.

"Kuna kundi limelalamika kuwa mdundo huu mmeuiba mtandaoni," alisema. "Kanuni inataka mseme wimbo wenu umetoka wapi. Haya, semeni."

Da-on na Hyeon-ju walimgeukia Eun-sol. Yeye akajibu, "Ni... kichwani mwangu."

"Basi upige hapa kwa mikono, bila mashine."

Alijaribu. Mdundo ukavurugika. Kule nyuma mtu alipiga kelele, "Mwizi huyo!" Watu wakaangua kicheko.

"Umetuponza," Da-on alinong'ona, machozi yakimlengalenga. "Sema kweli basi!"

"Nawafuta kwenye mashindano," Bi Tak alisema, akichukua kalamu.

"Subiri!" Eun-sol alipaza sauti. "Ni mdundo wa babu yangu. Yule muuza peremende wa langoni. Asubuhi nimemkana kwa sababu nilimwonea haya."

Bi Tak aliweka kalamu chini. "Mlete."

Eun-sol alikimbia mpaka langoni. Lo! Mkokoteni haukuwepo. Alitega sikio asisikie mlio wowote. Alikata kona moja, ya pili, roho juu, na hapo akamwona babu akisukuma taratibu, mkasi umelala juu ya peremende.

"Babu, nisamehe! Nimekukana mbele za watu."

"Nilisikia. Masikio yangu hayajazeeka."

"Wanasema mimi ni mwizi. Njoo nami, babu, nakuomba."

"Na koti hili lenye unga wa peremende?"

"Na koti hilohilo," Eun-sol alisema huku akilia, akamshika mkono.

Babu alipanda jukwaani na kuinua mkasi. Cha-cha, chaka-cha! Wazee waliokuwa ukumbini walianza kupiga makofi kwa kuufuata. Walikuwa wameusikia sokoni kwa miaka mingi. Hata Bi Tak alitikisa mguu.

Kundi halikufutwa, ila lilipunguziwa alama kwa jibu la kwanza la uongo. Wakawa wa pili. Safari ya Seoul ikawaponyoka.

"Ni kosa langu," Eun-sol aliwaambia wenzake.

"Ni lako kweli," alisema Hyeon-ju. "Lakini mwakani babu yako anapanda nasi."

Mwalimu wao, Bwana Pyo, aliwakusanya kando ya mkokoteni. "Wimbo una wazazi wake," alisema. "Ukiwataja, watu wanakuamini. Ukiwakana, hata kilicho chako kitaonekana cha wizi. Mwacha asili ni mtumwa, watoto wangu."

Babu alimpa Eun-sol kipande cha peremende kikubwa kuliko vyote.

"Kula, mjukuu wangu," alisema. "Na jioni nitakufundisha kuushika mkasi."