Kiti Kipya Kwenye Mashine Kuukuu

"Milioni kumi na nane kwa chuma hiki? Basi ndani umeficha dhahabu, mzee. Nionyeshe nilipe."

"Bei nimekwambia, fundi. Kama huna, pisha wenye hela."

"Wako wapi hao? Tangu asubuhi niko hapa, wateja wako ni nzi tu."

Ilikuwa saa tano asubuhi, siku ya kawaida kabisa, na yadi nzima ilinuka mpira na mafuta machafu. Fundi huyu, jirani yetu tuliyepakana naye ukuta kwa ukuta, tulimwita Nyoosha, maana kila aliyeanza kuzungukazunguka alimkata kauli: "Nyoosha maneno." Ufundi alijifundisha mwenyewe, kusoma na kuandika vilevile. Hakuibia mtu, wala hakukubali kuibiwa, na hasira zake zilikuwa karibu kama mate.

Mashine waliyogombania ni ile ndogo ya kupakia kifusi, inayogeuka palepale iliposimama, mikono yake miwili ikipanda na kushuka ubavuni mwa dereva. Dereva huingia kwa mbele, akiruka ndoo, na akishaketi anakuwa katikati ya mikono ile kama mtoto aliyekumbatiwa.

Nyoosha aliisoma tangu chini. Tairi nne, kila moja na ukoo wake. Akachomeka mtaimbo chini ya mkono wa kushoto, akauinua.

"Ona. Unacheza kwenye pini kama jino la mtoto." Akaingiza kichwa ndani. "Pedali imelika mpaka chuma kinang'aa. Na mita inasema saa ngapi? Elfu mbili mia tatu themanini. Mzee, unanichukulia mimi wa kuja?"

"Mita haisemi uongo."

"Haisemi. Inafundishwa." Akagusa skrubu za dashibodi kwa ukucha. Zilikuwa na mikwaruzo mipya. "Sikiliza nikwambie. Mita ya mashine hii haihesabu mpaka injini iwake na mtu awe amekaa. Chini ya kiti kuna swichi. Hakuna makalio, hakuna saa. Sasa nyoosha maneno: ni makalio gani yalikaa saa elfu mbili tu yakala pedali namna hii?"

Mdogo wake Nyoosha, aliyekuja kwa kuwa ndiye angeiendesha, akacheka. Mwenye yadi hakucheka. Alikiangalia kile kiti, akaangalia kando.

"Kumi," alisema. "Lakini iondoke leo, jua likiwa bado juu. Na ukishaitoa getini, usirudi kuniuliza kitu."

"Kaka," mdogo mtu alinong'ona, "mbona ameshuka ghafla hivyo?"

"Kwa sababu nimemshika pabaya."

Macho yake makali yalikuwa yameona mengine mawili. Kwenye nguzo ya kibanda cha dereva, upande wa kushoto, mtu alikuwa amekwaruza vijistari kwa msumari, vinne vinne na cha tano kukatiza, mamia kwa mamia. Akadhani ni hesabu ya ndoo za kifusi. Na katika mashine ile iliyochakaa kila kiungo, kiti kilikuwa kipya. Hilo hakuuliza.

*

Zile milioni kumi zilitoka kwenye nyumba ya mama yao. Vyumba viwili na kibaraza, ndicho kitu pekee marehemu baba yao alichoacha, na ilikuwa imewekwa rehani. Mpango ulikuwa mwepesi: kiwanda cha zamani cha nguo kilikuwa kimebomolewa, mitaa mitatu kutoka kwetu, na walipata mkataba wa siku arobaini na tano wa kuondoa kifusi. Malipo yangekomboa nyumba na kubakiza mashine. Sharti la mkataba lilikuwa moja. Mashine isiwe imezidi saa elfu tatu.

Mkaguzi wa wenye kazi, mama mmoja wa miwani na daftari, alisoma mita, akamgeukia Nyoosha.

"Ndizo saa zake hizi?"

Mdogo mtu alimtazama kaka yake. Alimjua. Alisubiri amwone akifoka kama kawaida, aseme wazi kwamba mita imechezewa.

"Ndizo," alisema Nyoosha.

Neno moja. Alilisema akitazama chini, akasaini.

*

Siku ya kwanza walifanya kazi kwa saa nane, na jioni mita ilisoma 2,388. Nyoosha akaandika. Asubuhi ilisoma 2,397.

"Umeitoa usiku kwenda kupiga deiwaka, vibarua vya pembeni," alimkoromea mdogo wake.

"Kwa ufunguo upi, kaka? Ufunguo unalalia wewe, kwenye mto wako."

Dizeli ilikuwa palepale. Injini ya baridi. Kesho yake tena, saa tisa juu. Keshokutwa, tisa. Wiki ikaisha kwa matusi. Mwishowe Nyoosha akawa anafungua betri kila jioni, anaibeba begani mpaka nyumbani, anaisukuma chini ya meza anayolia chakula. Mashine isiyo na betri ni jiwe.

Asubuhi mita ilikuwa imepanda kwa saa tisa. Akapitisha kiganja kwenye kiti kile kipya. Kilikuwa na joto.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Yeye ndiye aliyesema "ndizo".

Wakati huo mdogo wake alikuwa anaisha. Aliamka amechoka kuliko alivyolala. Viganja vikaota sugu juu ya sugu. Wiki ya tatu mama yao alimnyoa, akakusanya zile nywele kwenye kanga yake, akatoka nazo nje juani kuzitazama vizuri. Zilikuwa nyeupe. Kijana ana miaka ishirini na sita.

"Mwanangu, unamfanyisha nini mwenzio?" alimuuliza Nyoosha, kwa sauti ya chini.

"Kazi, mama. Nyumba yako hiyo."

*

Jumapili ya wiki ya nne hakukuwa na kazi. Saa nane mchana, mlango wazi, watoto wanacheza nje. Mdogo mtu alikuwa amelala chali mkekani.

Mikono yake ilikuwa inafanya kazi.

Ngumi mbili zimefumbwa, kila moja kama imeshika kijiti. Kushoto mbele, kulia nyuma. Geuka. Mguu unakanyaga kisigino: mikono ya mashine inashuka. Unakanyaga vidole: inapanda. Nyoosha alimtazama mpaka akaweza kufuata. Alikuwa anachota. Anageuka. Anamwaga. Anarudi.

Nyoosha akachungulia chini ya meza. Betri ipo.

Akaenda kiwandani anakimbia. Mashine ilikuwa imesimama mahali pake, kimya, ndoo chini. Akaingiza kichwa. Chuma cha kufunga mapajani, alichokiacha juu kwa mkono wake mwenyewe, kilikuwa chini. Kiti kilikuwa kimebonyea, mabonde mawili, na hapakuwa na mtu. Kwenye mita, kile kigurudumu cha mwisho kilikuwa kinatambaa polepole. 2,817.

Alitoka pale kwa kurudi kinyumenyume.

*

Mwenye yadi alikuwa amekaa barazani kwake. Hakuonekana kushangaa.

"Nilikwambia usirudi."

"Nani alikuwa anaiendesha?"

Yule mzee alinong'ona, kama anayeogopa kusikiwa na mtu wa ndani. Opereta mmoja, mtu mkimya. Alilipwa kwa saa, na saa zilisomwa kwenye mita. Alikuwa hamwamini bosi wake, yaani huyu mzee, ndiyo maana akawa anajihesabia mwenyewe kwenye nguzo. Malipo yalikuwa yanalala, miezi inapita. Siku moja alisimama kitini kuzibua uchafu uliokwama, ile mikono ikashuka.

"Tulikata kiti ili kumtoa."

"Mita ilikuwa inasema ngapi?"

"Elfu sita mia moja na nne."

"Na mkewe ulimlipa kwa saa ngapi?"

Mzee akakuna goti.

"Nyoosha maneno, mzee."

"Niliirudisha mita kwanza. Halafu nikamwita aje aisome mwenyewe. Alilia, akapokea, akahama. Sijui aliko." Akatupa jicho ndani. "Kisha ikaanza kupanda. Ikipanda, naishusha. Ikipanda, naishusha. Kila nikiishusha, inaanza upya kumtafuta mtu."

"Na ulijua ukaniuzia?"

"Na wewe? Kazi kama hiyo haikosi mkaguzi; alipokuuliza, ulimwambia ngapi?"

Nyoosha alitazama chini, kama siku ile ya kusaini.

Mzee akasukuma mlango wa chumba cha nyuma. Kitandani alikaa mtu wa nywele nyeupe, ngozi imening'inia mikononi. Ngumi zake zilikuwa zinakwenda. Kushoto mbele. Kulia nyuma.

"Shikamoo, mzee," Nyoosha alisema kwa adabu.

"Usimwamkie," alisema mwenye yadi. "Ni mwanangu wa mwisho. Ana miaka ishirini na mitatu."

*

Jioni ileile Nyoosha alifungua dashibodi. Alizungusha vile vigurudumu vya namba kimoja kimoja mpaka vikasoma 6,104. Ukweli mtupu, kwa mkono wake. Akafunga skrubu, akaketi chini, akalia.

Asubuhi ilisoma 2,831. Saa hazilipwi kwa bisibisi.

Akaenda kwa mkaguzi akavua kofia. "Mama, nilikudanganya. Saa si zile."

Mkaguzi alisoma mkataba, akauchana. Kwa kuwa walidanganya, hata zile siku walizofanya kazi hazikulipwa. Mwenye rehani alikuja na kufuli lake. Mama mtu akatolewa kwenye nyumba ya mumewe na ndoo mbili na godoro, akaja kulala kwenye chumba kimoja na wanawe, nyuma ya ukuta wetu. Mashine ikaburutwa hadi kando ya njia, mbele ya dirisha lao. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja, akakiona kiti, akaondoka bila kuaga.

Nyoosha mwenyewe aliketi kwenye kile kiti. Tuliona wote, tukadhani amerukwa na akili. Alishika vijiti tangu asubuhi mpaka adhuhuri, anasema, "Nichukue mimi. Mimi ndiye niliyesema." Mita haikumhesabia yeye. Saa zile zilikuwa zinafanywa na mwingine, mkekani.

Kijana hakuamka tena sawasawa. Alilala na kufanya kazi. Saa kumi na tano kwa siku, kumi na sita. Akiamka anaomba maji.

"Kaka, kifusi kimebaki kingi?"

"Kidogo tu, mdogo wangu."

"Sauti ya usingizini inasema kingi."

Siku ya kumi na moja tangu alale hivyo, saa nne asubuhi, nilipita mlangoni kwao. Mama yao alikuwa amemshika miguu yote miwili, ameilalia kwa uzito wake wote, kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe. Miguu ikawa inamrusha. Kisigino. Vidole. Kisigino.

Ikatulia.

Nyoosha alitoka nje, akaingiza kichwa kwenye mashine. 2,984. Kigurudumu kimesimama. Na kiti, kwa mara ya kwanza, kilikuwa kimejaa, hakina bonde.

*

Tulizika Jumatano. Watu walikula kiapo cha kutoigusa ile mashine, na hakuna aliyeigusa. Wazee wa mtaa wakamwambia Nyoosha, dawa ya deni ni kulipa. Tafuta mjane, mpe chochote. Alimtafuta kwa wiki mbili. Aliuza vifaa vyake vyote, mpaka mtaimbo. Nyumba aliyoelekezwa aliikuta na wapangaji wengine, nao hawakuwahi kumsikia mwanamke huyo.

Usiku aliorudi alilala usingizi mzito kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mama yake alimwamsha kulipopambazuka. Alimwinulia mikono yake, yeye Nyoosha, aione.

Viganja vyake vilikuwa vyeusi kwa mafuta ya haidroliki. Vina sugu mbichi, zimepasuka.

Halafu alimwonyesha ukuta. Chini, mahali unapofika mkono wa mtu aliyeketi, palikuwa na vijistari, vinne vinne na cha tano kukatiza, vimejaa kutoka pembe hadi pembe. Chini yake palikuwa na maneno yameandikwa kwa kidole chenye mafuta. Nimeyaona kwa macho yangu. Tabaka mbili za chokaa zimepakwa juu yake na bado yanatokeza. Mwandiko ni wa Nyoosha mwenyewe, zile herufi zake za kujifundisha, N imegeuka kinyume.

SAA ZANGU ZILIZOBAKI 3,120. NILIPWE.