Rimoti ya Marehemu

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi redio, na Mungu anisamehe, aliponisimulia nilimcheka. Mjane wa kaka yake alimletea ndege ya kuchezea ya marehemu pamoja na rimoti yake. Ukisukuma kijiti cha mwendo cha rimoti kidogo tu, mota inaruka kwa nguvu zote. Mjane alitaka kasi ipande taratibu.

“Kaka yako aliapa hutagusa kitu chake,” akamwambia kwa ukavu.

“Sasa atanifanya nini, shemeji? Atanizaba kofi?”

Karakana yake haina dirisha. Kwa kiburi hakuifungua propela kwanza, ingawa mafundi huitoa wasikatwe vidole. Alipomaliza tu kurekebisha, umeme ukakatika. Gizani mota ikaanza kunguruma, taratibu, vilevile alivyoipangia. Akapapasa, akachomoa betri ya ndege. Ngurumo ikazidi. Akatoa na betri za rimoti, akazishika mkononi. Upepo wa propela ukasogea hadi kwenye vidole vyake, vidole vinavyomlisha. Akavificha kwapani, akasali kwa sauti.

Umeme uliporudi, propela ilikuwa imetulia. Kijiti kilikuwa kimesukumwa hadi juu kabisa, na alipokigusa kilikuwa na joto, kama kilichoachiwa sasa hivi na kidole gumba cha mtu.