Wakili Aliyekataa Kusema

Mwajabu alikuwa akipika vitumbua nje ya nyumba yake, Bagamoyo. Siku hiyo viliungua. Mumewe, Rehani seremala, alikuwa gerezani, miguu imebanwa kwenye mkatale.

Mfanyabiashara Bwanausi alidai Rehani ameiba majora yake ya nguo. Ushahidi wake? Eti Rehani hakuonekana mjini siku ya wizi! Kwa hilo tu mtu akafungwa.

Mzee Mwinyijuma alikuwa wakili wa Rehani, yaani mtu wa kumsemea mbele ya kadhi. Alipotoka gerezani kumwona, Mwajabu alimzuia njiani, mwiko mkononi.

"Shikamoo, baba. Amekwambia alikuwa wapi?"

"Marahaba. Ameniambia."

"Alhamdulillahi! Wapi?"

"Hilo sikwambii, mwanangu. Amenikataza."

Mwajabu alitupa mwiko chini. "Mimi mkewe! Unajua hakuiba, halafu unanyamaza? Una moyo gani wewe?"

"Siri ni yake, si yangu. Wakili akitoa siri za watu, nani atamwambia kweli tena? Na nisipoambiwa kweli, nitamteteaje mtu?"

"Basi ataozea humo!"

"Haozei. Anayedai wizi ndiye wa kuleta mashahidi. Mimi sitasema uongo, wala sitatoa siri."

Kesho yake walikwenda kwa kadhi. Bwanausi alifoka, "Rehani alikuwa wapi? Wakili wake aseme!"

"Aseme!" watu walipiga kelele. Mwajabu naye alipiga kelele kwa hasira.

Mwinyijuma alimgeukia Bwanausi. "Nani alimwona akiiba?"

Bwanausi hakuwa na shahidi hata mmoja! Kadhi akamwapisha Rehani.

"Wallahi, sikuiba," alisema Rehani. Kwa kiapo hicho akaachiwa.

Walipofika nyumbani, Mwajabu alifunga mlango. "Sasa niambie."

Rehani alinong'ona, "Nilimpeleka Tatu kijijini Mkange, akajifiche."

Mwajabu alikaa chini. Tatu alikuwa mdogo wake Mwajabu, mtumwa. Alikuwa ametoroka kwa bwana wake, katili aliyempiga kila siku. Bwana huyo alikuwa amekaa palepale kwa kadhi, akisikiliza. Wakili angefungua kinywa tu, Tatu angerudishwa kwa minyororo.

"Na mimi nilipiga kelele aseme!" Mwajabu alilia kwa uchungu.

Asubuhi majirani walikuja kununua vitumbua.

"Enhe, mama, mumeo alikuwa wapi siku ile?"

Mwajabu aligeuza vitumbua vyake. Havikuungua.

"Vimeiva," alisema. "Niwape vingapi?"