Darasa Lililojibu Kabla ya Kuulizwa

Saa nne asubuhi, Jumamosi ya kwanza ya Septemba 1956, kapu la nyanya lilimwagika katikati ya soko la Shinyanga. Lilikuwa la Limi, mwanafunzi wa chuo cha ualimu, binti wa Kisukuma aliyependa gauni lake la buluu lipigwe pasi mpaka ling'ae. Aliyemgonga alikuwa Theonest wa chuo hicho hicho, kijana wa Bukoba mwenye kaptula ya kaki na soksi ndefu nyeupe.

“Samahani, dada. Nilikuwa napiga hesabu ya alama.”

“Za nani?”

“Zangu. Nataka tisini, niwe mwalimu wa daraja la kwanza. Wewe je?”

“Sabini zinanitosha, mradi nifundishe.”

“Mrembo hivi, unaridhika na sabini?”

Limi alicheka. Kufikia Oktoba walikuwa wapenzi.

Theonest aliogopa jambo moja tu: mtihani wa kufundisha. Angepimwa na mkaguzi mbele ya watoto wa darasa la kwanza ambao Kiswahili kiliwapiga chenga, na yeye Kisukuma hakijui.

“Limi wangu, nenda jioni ukawaandae kwa Kisukuma, somo langu la ng'ombe. Nikifaulu, nakuoa.”

“Tukijulikana tunafukuzwa, Theo.”

“Nani atajua?”

Limi alikwenda, akawafundisha vizuri mno. Asubuhi Theonest alichora ng'ombe ubaoni. Kabla hajafungua mdomo, darasa zima lilipaza sauti:

“Ana miguu minne! Anatupa maziwa! Ngozi! Mbolea!”

Mkaguzi aliweka kalamu chini. “Nani kawafundisha?”

“Mwalimu Limi!”

Limi, aliyeketi nyuma na wanachuo wenzake, alimtazama Theonest.

“Ulimtuma?” mkaguzi aliuliza.

“Hapana, bwana. Labda alitaka kuniharibia.”

Limi alieleza yote. Mkuu wa chuo alidai shahidi, shahidi hakuwapo, akamfukuza Limi. Theonest alipewa watoto wengine, wa mjini, akapata themanini na mbili.

Ijumaa Limi alikuwa kituo cha malori na sanduku lake la bati. Theonest alimfuata, kavaa tai mpya.

“Mpenzi, nimefaulu! Tuoane. Mke wangu cheti cha nini?”

“Twende kwanza kwa mkuu. Mwambie ulinituma.”

“Nitafukuzwa.”

“Kama mimi.”

“Limi, mmoja wetu lazima awe mwalimu.”

“Mbona uwe wewe?”

Theonest alinyoosha tai. Dereva alipiga honi, Limi akapanda. Lori la Kahama lilipokata kona, alimwona akiingia mgahawani, akivuta kiti, akiagiza chai.