Ukurasa wa Kumkomoa Kamusi

Kila siku nikitoka shule nilipitia dukani kwa shangazi. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta nne, mashine ya kuchapa na feni iliyotoa kelele nyingi kuliko upepo. Kazi yangu ilikuwa kufuta vumbi, kujaza karatasi kwenye mashine na kuwakataza wateja kuweka soda zao mezani. Nikimaliza, shangazi aliniruhusu kutumia kompyuta ya pembeni kwa masomo yangu mpaka mama anipitie.

Siku hiyo sikufuta vumbi. Niliingia nimenuna, nikatupa begi chini, nikakaa.

"Leo nani amekuchokoza, Pilipili?" shangazi aliuliza. Ndilo jina walilonipa nyumbani, na hawakunisingizia.

"Hakuna."

"Basi huyo Hakuna ajichunge."

Aliyenichokoza alikuwa msichana wa darasa letu tuliyemwita Kamusi. Alijua kila kitu, na asichokijua alikitafuta mpaka akijue. Asubuhi ile mwalimu wa sayansi alitaka kila mmoja wetu aeleze mmea wa ajabu aliousoma mtandaoni. Nilisimama kifua mbele, nikaeleza habari za nyasi zinazokunja mizizi na kukimbia zikimwona mbuzi. Nilisema zinaweza kuvuka kilima kizima kabla ya jua kuchwa. Hata picha nilikuwa nayo.

Kamusi akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ukurasa huo ni wa vichekesho. Wenyewe wameandika kwamba habari zao zote ni za kubuni."

Darasa zima lilivunjika mbavu. Mwalimu mwenyewe aligeukia ubao ili tusimwone anavyocheka. Wakati wa mapumziko kila niliyepishana naye alinililia kama mbuzi, hadi watoto wa darasa la kwanza! Niliumia mpaka machozi yakanilengalenga, nikaapa moyoni kwamba Kamusi atakiona cha mtema kuni.

Nilijua pa kumshika. Mama yake ndiye Mama Sabuni, aliyetengeneza sabuni za vipande nyuma ya nyumba yao na kuziuza sokoni. Wiki hiyohiyo mwalimu mkuu alikuwa amekubali sabuni hizo ziwekwe kwenye mabomba yetu ya kunawia mikono. Kamusi alikuwa akipita pale akitembea kwa maringo, au labda ni mimi niliyeyaona hayo maringo.

Nikaiwasha kompyuta, nikaandika: sabuni za kutengeneza nyumbani zinaharibu ngozi. Angalieni vizuri nilivyoandika. Sikuuliza kama zinaharibu. Niliiambia kompyuta kwamba zinaharibu, nayo ikanikusanyia kurasa za watu wanaokubaliana nami. Ya kwanza ilikuwa na maandishi mekundu makubwa: HATARI ILIYOMO BAFUNI MWAKO. Chini yake palikuwa na picha ya mkono uliochubuka vibaya. Ukurasa ulisema sabuni za nyumbani hutengenezwa kwa kostiki, ile soda kali ya kuzibulia mifereji, na kwamba watu tisa kati ya kumi wanaozitumia huungua.

Sikutaka kujua zaidi. Nikachapa nakala sita, nikamwambia shangazi ni za kazi ya shule. Mwishoni mwa kila nakala kulikuwa na tangazo, picha ya sabuni inayong'aa na maneno: Kuwa salama, agiza yetu leo. Nililiona linaniharibia karatasi yangu, nikachukua mkasi nikalikata.

Kesho yake nilifika shule kabla ya kengele. Nilibandika karatasi moja kwenye ubao wa matangazo, nyingine kwenye mlango wa darasa letu, na zilizobaki ukutani juu ya mabomba. Kisha nikakaa chini ya dirisha, nikasubiri.

Sikusubiri sana. Kufikia saa nne hakuna aliyetaka kuigusa sabuni. Mmoja wetu aliichukua kwa kijiti akaitupa mtaroni, wenzake wakampigia makofi. Kamusi alipotaka kukaa kwenye dawati lake, jirani yake alivuta daftari upande mwingine.

"Usiniguse, utanichubua!"

Mwalimu mkuu aliamuru sabuni zote ziondolewe mpaka ukweli ujulikane. Mzazi mmoja aliipiga picha ile karatasi, na kabla ya siku ya pili kuisha picha ilikuwa imefika sokoni. Kamusi akaacha kunyoosha mkono darasani. Alikaa ameinamisha kichwa, akichora miraba pembeni mwa daftari lake. Nami? Siwezi kudanganya. Roho yangu ilisuuzika. Nililala usingizi mnono siku mbili nzima.

Siku ya tatu nilikuwa dukani najaza karatasi kwenye mashine, nikasikia hodi mlangoni. Aliingia Mama Sabuni, na nyuma yake Kamusi. Mkononi mama yule alikuwa na karatasi iliyokunjwakunjwa. Niliijua kabla hajaikunjua.

"Karibu, dada," shangazi alisema. "Pole, nimesikia."

"Nimeshapoa mpaka nimeganda," Mama Sabuni alijibu. "Wateja wa miaka mingi wananipita kama hawanijui. Jana yule jirani yangu muuza ndoo kanirudishia sabuni aliyoitumia nusu. Nusu, dada! Sasa nataka unitafutie aliyeandika haya. Popote alipo nitamtolea uvivu."

Shangazi aliichukua karatasi akaitazama. Macho yake yalishuka na mstari mwembamba mweusi uliokuwa upande wa kushoto. Mashine yetu ilikuwa na mkwaruzo ndani, na kila karatasi iliyotoka humo ilikuwa na mstari huo. Kisha akapitisha kidole kwenye ukingo wa chini, uliokatwa kwa mkasi ukaenda upogo. Akanitazama.

"Pilipili," alisema taratibu, "mhudumie mteja."

Nilikaa mbele ya kompyuta. Mama Sabuni akavuta kiti upande mmoja, Kamusi akasimama upande wa pili. Nikaanza kuandika maneno yaleyale niliyoyaandika siku ile.

"Hapana," shangazi alinikatiza. "Hilo ni jibu. Andika swali. Mama huyu hajaja kutafuta wa kumuunga mkono, amekuja kutafuta ukweli."

Nikafuta. Nikaandika: je, sabuni iliyotengenezwa kwa kostiki ni salama kwa ngozi? Safari hii zilikuja kurasa za kila aina, na ile yenye maandishi mekundu ilikuwa mbali chini. Shangazi akaniambia niifungue kwanza.

"Ameiandika nani?"

Nilitafuta juu, nikatafuta chini. "Hawajaandika jina."

"Lini?"

"Hakuna tarehe."

"Fungua pale wanapojieleza wao ni nani."

Nikafungua. Palikuwa na sentensi moja tu: Sisi ni wataalamu. Wataalamu wa nini, na wanapatikana wapi, hawakusema.

"Sasa shuka mpaka mwisho," alisema shangazi.

Nilishuka polepole. Kamusi ndiye aliyeyasoma yale maneno kwa sauti. "Kuwa salama, agiza yetu leo." Akaitazama karatasi ya mama yake, akaitazama kompyuta. "Kwenye karatasi hii hayapo. Yamekatwa!"

"Kumbe ni muuza sabuni mwenzangu!" Mama Sabuni alipiga paja. "Ananichafua ili yeye auze!"

Mpaka hapo bado nilitaka kushinda. Ndivyo kinyongo kilivyo, hakikubali hata kikibanwa kwenye kona. "Lakini kuna kurasa nyingine tatu zinazosema hivyohivyo," nilisema.

Shangazi akaniambia nizifungue zote. Maneno yalikuwa yaleyale, watu tisa kati ya kumi walewale, na mkono uleule uliochubuka.

"Hao si mashahidi wanne," alisema. "Ni shahidi mmoja aliyebadilisha shati mara nne. Na huo mkono, hebu tuuone ulikotoka."

Alinionyesha jinsi ya kuichukua picha yenyewe na kuitumia kutafutia, badala ya maneno. Tuliikuta kwenye ukurasa wa hospitali moja, na hapo tarehe ilikuwepo, na jina la daktari pia. Ulikuwa mkono wa mtu aliyemwagikiwa na maji ya moto. Sabuni haikutajwa hata mara moja.

Kisha tukatafuta wasiouza chochote. Tulifungua ukurasa wa walimu wa kemia wa chuo kikuu, halafu wa shirika la viwango. Pande zote mbili zilieleza kitu kimoja kwa maneno yao wenyewe. Kostiki ikichanganywa na mafuta kwa vipimo sahihi hugeuka kuwa sabuni, haibaki kostiki tena. Ila mtu akikosea vipimo, au akiitumia sabuni kabla haijakomaa, inaweza kuunguza kweli. Walishauri ikae wiki nne hadi sita.

"Zangu zinakaa wiki sita rafuni," Mama Sabuni alisema. "Ukija kuniomba kabla, hata uwe ndugu yangu, hupati."

"Na mama hupima kwa mizani mara mbili," Kamusi aliongeza. "Mimi ndiye ninayeandika vipimo."

Shangazi akachapa kurasa zile mbili. Mama Sabuni akazikunja vizuri, lakini hakuinuka.

"Huyo muuza sabuni yuko mbali, sitamfikia," alisema. "Lakini karatasi haikutembea kwa miguu yake mpaka shuleni. Nani aliichapa?"

Nilimtazama shangazi, nikitumaini atasema lolote. Alikuwa akipanga karatasi zilizokwisha kupangika. "Aliyeichapa ana mdomo," alisema. "Mimi sitamsemea."

Niliinuka kitini.

"Ni mimi," nilisema. "Na ni mimi niliyeikata pale chini."

Nilidhani Mama Sabuni atanitolea ule uvivu wote aliomwekea yule wa mbali. Hakupaza hata sauti. Alinitazama tu, na bora angepiga kelele. Kamusi ndiye aliyesema, akinikazia macho.

"Nitakulipa."

"Kesho mstarini," Mama Sabuni alisema, akiinuka. "Ulizibandika mbele ya watu, utazibandua mbele ya watu."

Asubuhi iliyofuata nilisimama mbele ya shule nzima, mwalimu mkuu kulia kwangu na Mama Sabuni kushoto. Nilijikaza kisabuni, nikasema yote. Nilieleza kwamba ukurasa ule haukuwa na mwandishi wala tarehe, kwamba ulikuwa tangazo la biashara, na kwamba picha ilikuwa ya ajali ya maji ya moto. Nikasoma waliyoandika watu wa chuo kikuu na shirika la viwango. Nikasema pia kwamba nililiona tangazo, nikalikata.

"Kuna mwenye swali?" mwalimu mkuu aliuliza.

Mkono mmoja ulipanda. Sikuwa nimeuona mkono ule ukinyooshwa kwa siku kadhaa. Nikajua malipo yangu yamefika, nikasubiri anianike kama alivyonianika kwa zile nyasi.

"Ulipokaa mbele ya kompyuta," Kamusi aliuliza, "ulikuwa unatafuta nini?"

Ningeweza kusema nilikuwa natafuta habari za sabuni. Ningeweza kusema natafuta habari za afya. Safari hii hakuna aliyelia kama mbuzi.

"Nilikuwa nakutafuta wewe," nilisema.

Kamusi alishusha mkono. Hakuuliza la pili.

Mwalimu mkuu alitangaza kwamba sabuni zitarudi kwenye mabomba siku hiyohiyo, na kwamba adhabu yangu ni kuzunguka sokoni na Mama Sabuni Jumamosi tatu, meza kwa meza, nikirudia niliyoyasema mstarini. Nilizunguka. Kwa muuza ndoo nilirudia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alisema hakusikia vizuri, na nadhani alisikia. Jumamosi ya tatu alinunua vipande vinne. Kamusi alitembea nasi akibeba kikapu, asinisemeshe. Sikumlaumu.

Tulipomaliza meza ya mwisho, Mama Sabuni aliketi kwenye kreti akapumzisha miguu, akatuita tukae mbele yake.

"Pilipili, unajua kwa nini ulidanganyika mara mbili?" aliuliza. "Mara ya kwanza ulitaka kushangaza watu, ukaokota la kushangaza. Mara ya pili ulitaka kuumiza, ukaokota la kuumiza. Mtandao ulikupa ulichokiagiza. Kwa hiyo kabla hujauliza nani kaandika, na lini, na anauza nini, jiulize kwanza wewe unataka nini. Ukiona unachotaka ni kumkomoa mtu, zima kompyuta, ukanawe uso." Kisha akamgeukia binti yake. "Na wewe uliyesema utamlipa, umeshamlipa. Deni limekwisha. Mpe kikapu abebe upande mmoja."

Kamusi alifikiri kidogo. Akanisogezea mpini mmoja wa kikapu, tukainua pamoja.